Korongo la Ukurasa wa 31

Mama aliniambia usiku, amesimama mlangoni na tochi ya simu mkononi, kwamba kesho naenda Rombo badala yake. Goti lilikuwa limemvimba, na siku ya kukagua eneo la kazi haingoji mgonjwa. Hati ya zabuni ilisema wazi: saa nne asubuhi, kila anayetaka kuomba kazi ile afike korongoni, atie sahihi kwenye daftari na apewe cheti cha kuhudhuria. Asiye na cheti, bahasha yake itawekwa kando katika hatua ya kwanza, hata kama bei yake ni nafuu kuliko zote. Mimi nilikuwa na diploma ya ujenzi na miezi saba ya kupiga hesabu katika kampuni yake ndogo hapa Kitengela. Rombo niliijua kama jina tu katika orodha ya wadi za Kajiado Kusini.

Ilikuwa Februari 2025. Tuliondoka saa kumi alfajiri, mimi na fundi wetu, ambaye amejenga na Mama tangu nikiwa darasa la pili na ambaye hadi leo namwita Mjomba. Kilichonishangaza mapema ni kwamba ili tufike upande wa pili wa kaunti yetu, ilibidi tutoke ndani yake. Ukitoka Kitengela unaingia Athi River, ambayo ni Machakos. Unashika barabara ya Mombasa, unapita Konza, Salama na Sultan Hamud, na kufikia hapo umeshaingia Makueni. Ni pale Emali, ukikata kulia, ndipo unarudi Kajiado.

"Mjomba, watu wa huko wakitaka kwenda Kajiado mjini kufuatilia mambo yao, wanapitia wapi?"

"Wengi hapa hapa. Wakitoka alfajiri wanarudi usiku, kama hawakulala."

Kutoka Emali hadi Oloitokitok ni karibu kilomita 100. Jua lilichomoza tukiwa hatujafika Mbirikani, milima ya Chyulu ikiwa kushoto kwetu, na mbele Mlima Kilimanjaro ukiwa mtupu, bila hata wingu. Mjomba alinionyesha njia ya bomba la Nolturesh, lile linalochukua maji ya chemchemi za Kilimanjaro hadi Machakos na Athi River. Nimekulia jirani na Athi River, penye foleni za mitungi ya manjano, na sikuwahi kujiuliza maji yale yanaanzia wapi. Kimana tulipita magari yakipakia vitunguu. Baada ya Ilasit mlima ulibadilika sura: Mawenzi yenye meno ilisogea mbele, Kibo ikabaki nyuma yake. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, kuna Rombo nyingine, wilaya nzima ya Wachaga, na watu wa hapa wakisema "naenda Rombo" ni lazima uwaulize ipi.

Korongo lenyewe lilikuwa kavu. Tulikuwa kampuni kumi na moja, wengi wetu kina mama na vijana, kwa sababu kazi ilikuwa imetengwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi watengewe wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mhandisi wa kaunti alifika kwa wakati, akaeneza mchoro juu ya boneti ya gari, akatueleza: barabara ya wadi inakata korongo hapa, panatakiwa kalavati mistari miwili, kuta za mawe pande zote mbili, gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, upande wa chini, kisha murram. Wengine walipiga picha, wakatia sahihi, wakapewa vyeti, wakaondoka. Nusu saa haikuisha.

Mjomba hakuondoka. Alishuka korongoni na futi yake ya mita thelathini, nami nikashuka nyuma yake na kitabu mkononi. Ukurasa wa 31 wa jedwali la kazi na bei, ambalo mafundi wote huliita BQ, uliandika: kalavati za zege, kipenyo cha milimita 600, mistari miwili. Katika ukurasa huo nilikuwa nimeshajaza bei kwa penseli nikiwa Kitengela, juu ya meza, na nilikuwa naringa moyoni kwamba bei zangu zimekaa vizuri.

Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe tangu tulipofika, fimbo magotini.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko." Hilo nililijua.

"Mnajenga?"

"Bado, mzee. Tunaomba. Tuko wengi tunaoomba."

"Hiyo karatasi inasema tundu la maji ni kubwa kiasi gani?"

Nikafungua mikono kumwonyesha, kutoka kiganja hadi kiganja, sentimita sitini. Aliitazama mikono yangu kwa muda. Kisha akainuka, akanipeleka hadi kwenye mgunga ulioota ukingoni. Kwenye matawi yake, usawa wa kifua changu, nyasi kavu zilikuwa zimenasa pamoja na kitambaa cha gunia na kipande cha mpira wa kandambili. Akaweka kiganja pale.

"Maji ya Mei," akasema.

Alimaanisha mvua za Machi hadi Mei 2024, zile zilizoleta mafuriko karibu Kenya nzima. Mchoro ulikuwa umepimwa kabla yake. Siku zile, akasema, ukingo wa upande wa mashariki ulimomonyoka ukaondoka na shina la mti mzima, na korongo likawa pana kuliko alivyolijua maisha yake yote. Nyanya zilioza kwenye kreti ng'ambo, wiki mbili, na watoto hawakwenda shule. Mjomba alipima. Kutoka ukingo hadi ukingo tulipata mita tatu na nusu zaidi ya zilizochorwa.

Tulikaa na mzee yule karibu saa nzima. Ndiye aliyenieleza safari ambayo mradi ulikuwa umesafiri kabla ya kunifikia mimi kama faili ya kurasa 112. Wakazi walilitaja korongo kwenye kikao cha wananchi cha bajeti. Wakalitaja tena mwaka uliofuata. Mimi niliisoma kalenda ile chuoni: mpango wa maendeleo wa mwaka upelekwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, bajeti ipitishwe kabla ya 30 Juni. Kwa mtihani nilizikariri kama tarehe. Kwa yule mzee kila tarehe ilikuwa kikao alichokwenda kwa miguu, akasimama, akalitaja korongo, akasubiri kuona kama limeandikwa. Na kuandikwa kwenye bajeti si kujengwa. Lazima liingie katika mpango wa ununuzi wa mwaka, mchoro uwepo, zabuni itangazwe. Alijua hayo yote. Kitu kimoja tu ndicho alikuwa hajawahi kukiona: ile BQ. Watu walimwambia ni siri ya wakandarasi.

Si siri. Hati ya zabuni ya wazi hupakuliwa na yeyote mwenye simu. Nikamwachia nakala yangu, pamoja na bei zangu zote za penseli ndani yake. Mjomba alinikazia macho, kisha akanyamaza.

Njiani kurudi, simu iliita tukiwa Sultan Hamud. Mtu nisiyemjua, wala hakutaja ofisi yoyote, alisema anajua tumekwenda Rombo na kwamba kazi ile "inahitaji mtu wa kuishika mkono", asilimia kumi. Nilikata. Mikono ilikuwa ikinitetemeka, na naandika hivi kwa sababu najua wasichana wengi wanaoanza kazi hii hupigiwa simu kama ile wakaamini hakuna njia nyingine. Mama anasema kwa miaka yote amepoteza kazi nyingi, na zile alizopata amelala usingizi. Nilimwamini zaidi siku ile kuliko siku zote.

Usiku huo niliandika barua. Kila mzabuni ana haki ya kuuliza swali kabla ya tarehe ya mwisho, na ofisi inayotangaza hujibu kwa maandishi, jibu liende kwa wote bila kutaja aliyeuliza. Niliweka picha ya mgunga, vipimo vya Mjomba, na hesabu moja ndogo: ukitoka milimita 600 kwenda 900, mdomo wa kalavati hauongezeki kwa nusu, bali huwa mara 2.25. Mama aliisoma barua mara mbili. Akasema, "Unajua unawapa washindani wetu wote akili yako?" Nikasema najua. Akaitia muhuri.

Jibu lilikuja baada ya siku sita, likiwa nyongeza rasmi ya hati: mistari mitatu, milimita 900, kuta ziongezwe urefu, tarehe ya kufunga isogezwe wiki moja ili kila mtu apige hesabu upya. Nilifuta ukurasa wa 31 wote. Saruji, kokoto, nondo, usafiri kutoka Emali, ushuru wa asilimia 16, vyote upya. Na Mama aliongeza kitu ambacho wageni wa biashara hii hukisahau, nacho ni gharama ya kungoja. Malipo ya kaunti hupitia idhini ya Msimamizi wa Bajeti kabla pesa hazijatoka Benki Kuu, na kufikia katikati ya 2024 kaunti zote 47 kwa jumla zilikuwa zinadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 150. Mkandarasi mdogo asiyeweka nafasi ya kungoja huuza gari lake.

Siku ya kufungua zabuni nilikwenda Kajiado mjini mwenyewe. Kurasa zote nilikuwa nimezipiga nambari mfululizo, kwa mkono, kwenye duka la kompyuta hapa Kitengela, kwa maana ukurasa mmoja usio na nambari unaweza kukutoa. Badala ya dhamana ya benki tulitia sahihi tamko, kama sheria inavyoturuhusu sisi wa makundi maalumu. Kamati ilifungua sanduku mbele yetu, bahasha moja moja. Mmoja akasoma jina na jumla ya bei kwa sauti, wenzake wakaweka herufi za majina yao kwenye kurasa. Bahasha zilikuwa tisa. Tulikaa kimya kama watu wanaosomewa matokeo ya hospitali. Yetu ilikuwa ya nne kwa unafuu.

Tathmini hupewa siku zisizozidi 30. Barua yetu ilifika siku ya 26, ikaeleza sababu, kama inavyopaswa: aliyeshinda ametimiza masharti yote na bei yake ni ya chini zaidi. Tulikuwa na siku 14 za kukata rufaa katika bodi ya mapitio. Mama aliuliza, "Kuna kosa?" Nikatafuta jioni nzima kwa uaminifu wote. Hakukuwa na kosa. Nililia kidogo, nikanawa uso, nikampigia mzee wa Rombo.

"Hatukupata, mzee. Amepata mwingine."

"Pole, mwanangu." Akanyamaza. "Lakini ile karatasi yangu ina mia sita."

"Ilibadilishwa. Nisubiri nikusomee."

Nikasikia akimwita mjukuu alete kalamu na daftari. Nikafungua nyongeza ya hati, nikasoma polepole, naye akirudia kila neno kwa sauti, mara moja kwa Kiswahili, mara ya pili kwa Kimaasai, mtoto akiandika.

"Mistari mitatu," akasema. "Mia tisa. Andika. Kuta za mawe, urefu gani? Soma tena hapo."