DT ya Nyabibuye: Pesa Mfukoni, Kadi Hakuna

Wengine hufunga safari kumfuata mchumba. Mimi nimefunga safari kufuata moshi. Ndiyo, moshi! Ule wa bluu unaotoka kwenye ekzosi ya pikipiki za zamani zinazounguza oili pamoja na petroli.

Mshikaji wangu mmoja aliniambia kuna Yamaha DT imelala Nyabibuye, huko nyanda za juu za Kigoma. Basi bwana, nikapanda basi Dar, nikapita Kahama, nikashika njia ya Nyakanazi hadi Kakonko. Wilaya hiyo ilimegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, lakini wazee wengine ukiwauliza bado watakwambia wao ni wa Kibondo. Kutoka hapo nikachukua bodaboda. Vumbi jekundu, migomba, vilima, na baridi ya asubuhi ambayo kijana wa Manzese hana habari nayo.

Kwa nini DT? Sikia. Yamaha walianza ukoo huo mwaka 1968 na DT-1 ya cc 250. Ndugu zake wa lami, kama RD350 ya mwaka 1973, ndio wa mbio hasa, ila hao mimi nimewaona kwenye picha tu. Injini yake haina valvu kwenye kichwa cha silinda. Pistoni yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu ya silinda, na moto unawaka kila krenki inapozunguka mara moja. Boksa ya kijiweni kwenu inasubiri mizunguko miwili. Ndiyo maana DT ni nyepesi, lakini ukiifungulia inaruka kama mbuzi aliyekatika kamba.

Huku enzi hizo pikipiki haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa ya padri, bwana shamba au mganga. Na baada ya machafuko ya Burundi ya mwaka 1993, Kibondo ilipojaa kambi za wakimbizi, mashirika nayo yakaja na vyombo vyao. Ukisikia mlio, unajua kuna jambo.

Muuzaji alikuwa kijana wa makamo yangu. Akatoa turubai. Wee acha tu! Tangi limepauka, kiti kimechanika, lakini namba ya zamani ile inayoanza na TZ bado ipo. Fundi niliyekuja naye akachomoa plagi, akaifuta, akamimina petroli kidogo, akapiga kiki. Ya kwanza kimya. Ya nne kimya. Ya saba ikanguruma, moshi ukafunika ua mzima, kuku wakatawanyika. Mimi moyo umeshakwenda.

Bei ilikuwa ya kutupa. Nikaanza kuhesabu noti.

"Kadi iko wapi, kaka?" fundi akauliza.

Kijana akajikuna kichwa. Kadi ina jina la marehemu baba yake. "Tuandikishane tu kwa mkono, bro, huku kijijini nani atauliza?"

Hapo ndipo mama mwenye nyumba alipotoka jikoni. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanikaribisha kigoda, akaniuliza habari za safari, za nyumbani na za wazazi, kwa utaratibu wa Kiha usio na haraka. Kisha akaitazama ile injini inayonguruma.

"Mwanangu, nani kaiwasha pikipiki ya mume wangu?"

Kumbe hakuambiwa! Kijana akainamisha macho. Mama akasema polepole kwamba mumewe alikuwa akiwapeleka wajawazito hospitali usiku kwa chombo hicho, na watoto wake wengine watatu nao wana haki ya kuulizwa.

Nifanyeje? Noti mkononi, chombo kinawaka. Ningelipa na kuondoka, ningekuwa na pikipiki isiyohamishika jina TRA, na laana ya mjane juu. Nikazima injini, nikarudisha noti mfukoni.

Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Tukakubaliana familia ikae, wateue msimamizi wa mirathi, waende Mahakama ya Mwanzo, ndipo wanipigie simu. Kijana alinuna, ila alinisindikiza hadi barabarani.

Nimerudi Dar mikono mitupu, koti likinuka oili. Simu haijalia bado. Nawe msomaji, ukipenda chombo cha zamani, uliza kadi kabla hujapiga kiki. Ukishasikia ule mlio, akili haipo tena.