Sambaza, Mgeni wa Ziwa Kivu



Ukitoka Kamituga kuja Bukavu, njia ni ndefu na matope ni mingi. Unapita Mwenga, unapita Walungu, na mgongo wote unauma. Halafu, kwenye mteremko wa mwisho, unaona maji. Ziwa Kivu iko pale chini, na mji umeingiza vidole vyake ndani ya maji, ndimi tano za nchi. Moja inaitwa Labotte, kwa sababu umbo lake ni la buti.

Wengi wakifika wanakimbilia soko na maduka. Mimi nakuomba kitu kimoja: ngoja jioni. Shuka mpaka ukingo wa maji, keti juu ya jiwe, tazama. Watoto wako wakae karibu nawe.

Kabla jua halijazama utaona vijana na fimbo za mwanzi. Ku ncha ya kamba wamefunga ndoano ndogo na kipande cha mnyoo wa udongo. Hawasemi sana. Wanatazama kamba tu. Samaki wanaovuta ni wadogo, wale wanaokaa karibu na mawe. Ukimwuliza mtoto kwa nini anasimama pale na si hatua kumi mbele, atakuonyesha kivuli cha jiwe ndani ya maji. Hakufundishwa na mwalimu. Ameyasoma maji kwa macho, kama wewe unavyosoma gazeti hili.

TAA JUU YA MAJI

Giza likiingia, sikiliza. Utasikia wimbo kabla hujaona mtu. Wavuvi wanapiga makasia kwa kufuata sauti, mmoja anaanza, wengine wanajibu. Chombo chao si pirogi moja. Ni pirogi tatu, zimeunganishwa kwa miti mirefu, na wavu unashuka katikati. Zamani taa zao zilikuwa za petroli, zile za kupampu. Leo wengi wanatumia betri na nguvu ya jua. Ukitazama kutoka mlimani, ungesema mji mwingine umejengwa juu ya ziwa.

Kwa nini wanafanya kazi usiku? Kwa sababu sambaza mwenyewe njo anapanga saa ya kazi. Mchana anashuka chini. Usiku anapanda karibu na uso wa maji, akifuata vidudu vidogo sana anavyokula. Taa inawakusanya. Wavuvi wanangoja kwa uvumilivu, halafu wanavuta kamba pamoja, polepole, na wavu unapanda ukiwaka kama fedha. Mmoja akivuta kwa haraka zaidi ya wenzake, wavu unainama na samaki wanatoka. Kazi hii haina bingwa wa peke yake.

Na kama mwezi ni mkubwa? Hapo mwangaza iko kila mahali, taa haina nguvu tena. Wavuvi wengi wanabaki nyumbani, wanashona nyavu. Mwezi mkubwa ni likizo yao, lakini ni likizo bila mshahara.

ALIFIKAJE HAPA?

Sasa nikuambie jambo ambalo hata watu wengi wa Bukavu hawalijui. Sambaza si mwenyeji. Ni mgeni.

Zamani za kale sana maji ya Kivu yalielekea kaskazini, upande wa mto Nili. Milima ya moto ya Virunga ikafunga njia. Maji yakapanda, yakatafuta mlango mwingine, yakaupata kusini, palepale Bukavu. Mlango ule njo mto Ruzizi. Ziwa Kivu iko karibu metre 1460 juu ya bahari, na Tanganyika karibu 770. Kwa hiyo Ruzizi inaanguka karibu metre 700, kwa maporomoko makali. Samaki wa Tanganyika hawakuweza kuyapanda.

Matokeo yake, Kivu ilibaki na aina chache za samaki, na wengi walikaa kandokando. Katikati, kwenye maji mengi, chakula kilikuwepo lakini mlaji hakuwepo. Tena ziwa hili lina siri nyingine. Kina chake kinapita metre 480, lakini chini ya metre 60 au 70 hivi hakuna hewa ya kupumua kwa samaki. Kule chini kumejaa gazi, ile metani ambayo siku hizi Rwanda wanaitoa na kuifanya umeme. Samaki wote wanaishi katika tabaka ya juu tu, kama watu wanaokaa kwenye orofa ya mwisho ya nyumba ndefu.

Kati ya 1958 na 1960, wakati wa Wabelgiji, vitoto vya samaki vililetwa kutoka Tanganyika na kumwagwa ndani ya Kivu. Zilikuwa aina mbili. Moja ilipotea. Ya pili, wataalamu wanaiita Limnothrissa miodon, ilishika. Ilienea polepole, na kwa miaka mingi haikuvuliwa sana kwa sababu nyavu zilizofaa hazikuwepo. Miaka ya 1980 mradi wa FAO uliokuwa Gisenyi, upande wa Rwanda, ulisaidia kueneza uvuvi wa taa na wavu wa kuinua. Hapo sambaza akawa chakula cha kila nyumba.

Jambo kama hili limefanyika pengine pia. Nchini Kenya, mwaka 1905, Mwingereza Ewart Grogan aliweka katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, samaki aitwaye trauti, kutoka Scotland. Naye alishika, sababu maji yale ni baridi na safi. Mpaka leo watu wanakwenda kumvua kwa ndoano iliyofunikwa manyoya ya ndege, ifanane na nzi. Lakini ona tofauti. Trauti aliletwa kwa ajili ya mchezo wa wakubwa. Sambaza amekuwa mboga ya maskini.

Mgeni naye hakuja bila gharama. Baada ya sambaza kuingia, aina moja ya kidudu kikubwa cha majini kilichokuwa chakula chake ilitoweka. Miaka ya 1980 wataalamu wengine waliogopa kwamba samaki nao wataisha. Hawakuisha. Halafu, mwaka 2006, mgeni mwingine wa Tanganyika alionekana katika ziwa, samaki mwembamba anayegombania chakula na sambaza. Ukifungua mlango wa nyumba, hujui watu wangapi watapita.

ASUBUHI KU SOKO

Saa kumi na mbili asubuhi, nenda soko la Kadutu au Nyawera. Mama wauzaji wamekwisha kufika, mabeseni kichwani. Sambaza mbichi inang'aa, ya kukauka iko pembeni. Nunua, osha, kaanga mpaka iwe kavu, weka pilipili na ndimu, kula na bugali. Unakula kichwa, mifupa, yote. Mtoto anayekula hivyo anapata nguvu ya mifupa bila kununua dawa.

Lakini tazama vizuri ndani ya beseni. Sambaza mkubwa ana urefu wa kidole. Mara nyingine utaona vile vidogo kama sindano, vinashikamana kama uji. Wale ni watoto. Sambaza anazaa karibu na ukingo, na watoto wake wanakaa palepale kabla ya kwenda katikati. Mtu akivuta chandarua cha mbu kandokando, anaokota kizazi cha mwaka kesho.

Usimhukumu haraka mama anayenunua vile vidogo. Bei yake ni rahisi, na nyumbani kuna midomo sita inayongoja. Wala usimhukumu haraka kijana aliyevuta chandarua, kwa maana pirogi tatu, wavu na taa ni mali ya wachache. Lakini ukweli unabaki ukweli.

Wewe msomaji wa eneo la machimbo, jambo hili unalielewa kuliko mtu wa mji. Unajua shimo. Shimo linatoa, linatoa, halafu linaisha, na watu wanahama. Dhahabu haizai. Ziwa si shimo: linazaa kila mwaka, bila kuomba mbolea. Linaomba tu tuwaache watoto wakue. Upande wa Rwanda serikali inafunga uvuvi wa sambaza miezi miwili kila mwaka. Lakini maji ni yale yale. Samaki hana pasipoti; anayepumzishwa kule anaweza kuvutwa huku. Na tukilimaliza ziwa, tutahamia wapi? Kivu ni moja.

Tena kuna uchafu. Chupa za plastiki tunazotupa ku mifereji zinashuka na mvua mpaka ziwani, kisha mpaka barrage ya Ruzizi, zinaziba mitambo. Umeme ukikatika, tunalaumu kampuni. Tuulize pia mikono yetu.

KABLA YA KUSAFIRI

Mwezi wa pili 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu. Kwa hiyo usifunge safari bila kuuliza kwanza hali ya njia na ya ziwa kwa watu waliopita juzi, si mwaka jana. Usiku usipande chombo bila ruhusa.

Lakini siku utakayofika, nunua kwa mama sambaza wakubwa, na umwambie kwa upole kwa nini unawachagua hao. Maneno yako yatafika kwa mvuvi haraka kuliko amri ya ofisi, maana mvuvi anavuta kile kinachouzwa. Na ukirudi Kamituga na furushi la sambaza kavu, waite watoto, weka sambaza mmoja ku mkono wao, uwaambie: huyu alikuja mgeni, bila baba wala mama hapa, na leo analisha mji.

Karibu Bukavu.