Butiama Haihami: Gari Linalozima Lipimwe Kabla ya Safari

Musoma hadi Butiama si mbali. Familia inayotoka mjini asubuhi, ikiliacha Ziwa Victoria nyuma, hufika mapema, watoto wakaliona kaburi la Mwalimu Nyerere na kuingia kwenye makumbusho yenye jina lake. Wengine huunganisha hadi Bunda kuwasalimia bibi na babu. Ni safari nzuri ya likizo, mradi gari likubali.

Shida ni lile gari linalozima lenyewe, likipumzika linawaka, kesho linagoma tena. Wazazi wengi hulizoea. Lakini injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani huwa mzito, na breki hukakamaa baada ya kukanyagwa mara chache. Kwenye barabara ya Mwanza hadi Sirari inayopita Bunda, penye mabasi na malori, hilo si jambo la kuzoea watoto wakiwa ndani.

Pa kuanzia kulipima ni nyumbani Musoma, kabla ya kufunga mizigo. Ukizungusha ufunguo, taa za dashibodi zikififia na kusikika tk-tk-tk, angalia betri: pengine imechoka, au vichwa vyake vimelegea au vimeota unga mweupe. Ikisikika "tk" moja huku taa zinawaka vizuri, mshukiwa ni stata. Injini ikizunguka kwa nguvu bila kushika, mara nyingi mafuta hayafiki au plagi hazitoi moto. Kwa magari mengi ya petroli, ukiwasha swichi bila kupiga stata, pampu husikika ikivuma kidogo upande wa nyuma. Kukiwa kimya, fundi aanze na fyuzi, kisha pampu yenyewe.

Kuna gari linalowaka vizuri Musoma, likazima likikaribia Bunda, injini ikiwa imeshapata moto. Likipoa, linawaka kama halijaugua. Hapo hushukiwa sensa ya krenki, koili au pampu ya mafuta. Ukilipeleka gereji asubuhi likiwa baridi, fundi haoni kitu, naye huishia kubadilisha vifaa kwa kubahatisha, hela zikaisha na ugonjwa ukabaki. Kwa hiyo andika kwenye simu: lilizima saa ngapi, baada ya mwendo gani, tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani, taa ya injini iliwaka au la. Mwombe fundi alipime kwa kompyuta, na alijaribu likiwa la moto.

Likizima njiani, shika usukani kwa mikono miwili, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia-achia, na utoke pembeni. Washa taa za hazadi, weka pembetatu. Watoto washukie upande usio wa barabara, wasimame mbali na lami, wasikae nyuma ya gari. Ukiwa kusini mwa Bunda, kuelekea lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti, wasiingie porini hata kwa haja ndogo. Na gari la otomatiki halistuliwi kwa kusukumwa, msijichoshe.

Kama ugonjwa haujapatikana, panda basi, au ahirisha safari kwa wiki moja. Watoto watanuna kidogo, lakini Butiama haihami.