Nyumba Iendayo: Magari ya Kulala kati ya Kilifi na Malindi

Barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi ina urefu wa kilomita kama 120, na kwa muda mrefu safari hiyo ilipimwa kwa vivuko wala si kwa urefu wake. Palikuwa na kivuko cha Mtwapa, na palikuwa na kile cha Kilifi, ambako motokaa zilipangwa mstari zikiingoja feri, na abiria wakanunua korosho na maembe madirishani hata zamu yao ikafika. Feri ya Kilifi ilikoma mwaka 1991, daraja lilipokwisha kujengwa. Tangu hapo mtu aweza kuondoka Mombasa asubuhi akawa Malindi kabla ya chakula cha mchana, na asione haja ya kusimama mahali popote.

Lakini wako wasafiri wa namna nyingine, ambao hawana haja ya kufika upesi kwa sababu wamekwisha fika. Nyumba yao wanayo. Huonekana kando ya hori la Kilifi, kwenye majabali ya Vuma karibu na Takaungu, katika vichaka vya Watamu, na mbele ya Malindi kuelekea Mambrui. Gari limesimama chini ya mti, mlango wa nyuma umefunguliwa, kamba ya nguo imefungwa toka kioo cha pembeni hata kwenye tawi, na sufuria iko juu ya moto. Siku ya kwanza wanakijiji hudhani gari limeharibika. Siku ya tatu hutambua kwamba watu wale wanaishi mle ndani.

Kwa kawaida gari la namna hii lilianza maisha yake likichukua abiria au mizigo. Viti hung'olewa, sakafu hupigwa mbao, na kitanda huwekwa upande wa nyuma, chini yake masanduku ya nguo, unga na mchele. Hutiwa jiko dogo la gesi, pipa la maji, betri ya pili isiyohusiana na ile ya kuwashia injini, na paneli ya sola juu ya paa. Wenye kutaka nafasi zaidi hufunga hema juu ya paa hilo hilo na kulipanda kwa ngazi. Wazungu wengi hupenda Land Rover au Land Cruiser kwa ajili ya njia mbaya. Walakini mafundi wengi wa Pwani wangeshauri Toyota ya matatu, maana vipuri vyake hupatikana Mtwapa, Kilifi na Malindi bila kuagizwa ng'ambo, na hakuna fundi asiyeijua.

Wenye magari hayo si wageni peke yao. Wako Wajerumani, Waholanzi na watu wa Afrika Kusini walioshuka au kupanda bara zima. Lakini tangu ugonjwa wa korona ulipofunga maofisi mwaka 2020, wameonekana pia Wakenya wa Nairobi ambao kazi yao ni ya kompyuta, na ambao waligundua kwamba mwajiri hajali kama barua imeandikwa Upper Hill au Watamu. Baadhi yao walipanga vyumba Kilifi. Wachache walikata shauri la kutopanga chumba popote.

Jambo lenyewe si geni duniani. Miaka ya 1924 hadi 1926 Meja Court Treatt na mkewe Stella walitoka Cape hadi Cairo kwa motokaa, wakipita katika Afrika ya Mashariki, na kwa miezi mingi magari yale ndiyo yaliyokuwa maskani yao. Kiwanda cha Volkswagen kilipoanza kuuza gari lake la sanduku mwaka 1950, haukupita muda mrefu kabla ya kampuni moja ya Ujerumani, Westfalia, kulitengenezea kitanda na kabati. Na Mjerumani Gunther Holtorf alianza safari Afrika mwishoni mwa miaka ya 1980 katika Mercedes aliyoipa jina la Otto, akaimaliza mwaka 2014 akiwa amekwenda karibu kilomita 900,000 katika nchi zaidi ya 170. Mkewe Christine alisafiri naye miaka mingi, akafariki mwaka 2010. Mzee yule akaendelea. Gari hilo sasa limewekwa katika makumbusho ya Stuttgart.

Hao walichagua. Huko Marekani, baada ya fedha kuanguka mwaka 2008, palitokea wengine ambao hawakuchagua sana: wazee waliopoteza nyumba zao kwa deni, wakahamia ndani ya magari na kufuata vibarua vya msimu toka jimbo hata jimbo. Habari zao ziliandikwa katika kitabu cha Jessica Bruder kiitwacho Nomadland mwaka 2017, na sinema iliyotokana nacho ilipewa tuzo kubwa ya Oscar mwaka 2021. Mtu apitaye barabarani hawezi kumtambua mwenye kuchagua na asiyechagua. Kitanda ni kile kile, na pipa la maji ni lile lile.

Pwani yetu ina kanuni zake kwa mtu alalaye garini. Ya kwanza ni kwamba asilale chini ya mnazi. Kivuli chake ni kizuri na upepo wake ni mtamu, lakini nazi haitoi taarifa kabla ya kuanguka, na bati la gari si kinga ya kutosha. Mwembe ni bora. Mkwaju ni bora zaidi. Ya pili ni maji ya bahari. Mgeni akiona mchanga mpana na mgumu hudhani ni uwanja, naye hajui kwamba wakati wa bamvua maji yaweza kupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Gari lililoegeshwa ufuoni jioni ya maji mafu laweza kuwa salama siku nne, na siku ya tano likaamkia mawimbini. Wavuvi wanazijua siku hizo kwa kutazama mwezi, na kumwuliza mvuvi hakuna gharama.

Tena kuna chumvi. Upepo wa kusi huvuma toka baharini miezi ya katikati ya mwaka, nao hula chuma kama mchwa alavyo mbao. Mwenye gari la kulala hushauriwa alioshe tumbo la gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila mara. Hapo ndipo shida ya kweli ianzapo.

Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina maji ya munyu. Maji matamu ya Malindi, ya Kilifi, na sehemu kubwa ya yale ya Mombasa, hutoka Baricho, kandokando ya mto Sabaki, yakaletwa kwa mabomba. Na mabomba yanapokauka, watu hununua kwa dumu la lita 20 linalosukumwa kwa mkokoteni, au wanawake huyachukua kichwani. Pipa la lita 60 kwa watu wawili, kwa kunywa, kupika, kuosha vyombo na kuoga kwa kopo, halivuki siku tatu. Kwa hiyo msafiri huyu aliyejitenga na nyumba na bili zake hujikuta kila siku ya tatu amesimama foleni ya maji pamoja na akina mama wa kijiji, na akitaka kuosha gari lake, aoshe kwa maji ambayo jirani yake angeyapikia ugali. Wenye busara hungoja mvua.

Habari ya maji si mpya katika nchi hii. Mji wa Gedi, ulio msituni karibu na Watamu, ulikuwa na misikiti, jumba la mfalme, vyoo na visima, nao ulihamwa katika karne ya 17. James Kirkman, aliyeuchimbua kuanzia mwaka 1948, aliona kwamba kisima karibu na msikiti mkuu kiliongezwa kina, dalili kwamba maji yalikuwa yanashuka chini. Hatari za vita pia zilikuwapo zama zile. Mwaka 2024 UNESCO iliutia Gedi katika orodha ya urithi wa dunia, na wasafiri wa magari husimama langoni kuutazama: nyumba za mawe, kuta nene, na hamna mtu.

Wala nyumba iendayo si jambo geni hapa. Kwa karne nyingi mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi walikuja na kaskazi, wakakaa pwani miezi kadhaa, wakarudi na kusi, na jahazi ndilo lililokuwa jiko lao, kitanda chao na ghala yao. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, naye alikuwa mtu wa namna hiyo, aliyehitaji maji, chakula na rubani, na Malindi ilimpa vyote vitatu. Baharia alijua msimu wake. Kusi ikianza alikwenda zake, hata kama biashara ilikuwa nzuri.

Mwenye motokaa hana upepo wa kumwondoa, na hili huleta neno. Akisimama mahali, asubuhi huja mtu.

"Hodi hapa."

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mmelala kwa nani?"

Mgeni asiyejua hujibu kwamba hakulala kwa mtu, amelala ndani ya gari lake. Jibu hilo ni kweli wala halimfai kitu, kwa maana mzee hakuuliza juu ya gari. Aliuliza juu ya ardhi lililosimama.

Kati ya Kilifi na Malindi hakuna swali lililo zito kuliko hilo. Ukanda wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Unguja, na Waingereza waliutawala tangu mwaka 1895 kwa kumlipa kila mwaka. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba ajitokeze na kuthibitisha haki yake. Waarabu na Waswahili wengi walipata hati. Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala haikuandikwa na karani yeyote, kwa sehemu kubwa hawakupata. Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha watu wake wasiitii serikali, alikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa mbali Kisii. Mwaka uliofuata palipigwa vita, na Wagiriama wakaamriwa wahame ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki. Baada ya uhuru wa 1963 serikali iligawa mashamba katika sehemu kadhaa, na hati zimeendelea kutolewa kidogo kidogo. Walakini hata leo wapo watu ambao babu yao alizaliwa pale wanapolima, na ambao kwa karatasi huitwa maskwota.

Fikiri basi jinsi mtu kama huyo amtazamavyo mgeni ambaye ameacha nyumba kwa hiari. Yeye amejenga kwa udongo na makuti, si kwa sababu hana uwezo wa tofali, bali kwa sababu anaogopa kujenga kwa tofali mahali ambapo aweza kuondolewa. Mgeni asema, "Nimechoka kufungwa na mahali pamoja." Mwenyeji hutikisa kichwa kwa adabu.

Na jambo lazidi kuwa gumu kwa kuwa desturi ya Pwani huruhusu minazi iwe ya mtu mmoja na udongo uwe wa mwingine. Msafiri aweza kumlipa mwenye minazi, kisha akajiwa na mwenye shamba, kisha na mwenye hati aishiye Mombasa ambaye hakuonekana miaka kumi. Njia iliyonyoka ni kwenda kwanza kwa mzee wa kijiji, au kwa chifu, kueleza utakaa siku ngapi, na kulipa ada mbele ya shahidi. Ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke ruhusa hutoka kwa walinzi wa msitu na wanyama, na hapo hapana mjadala, ndovu wamo.

Kwa Mwafrika aliyechagua maisha haya kuna maswali mengine ambayo Mzungu haulizwi. Fomu za serikali hutaka kata, kijiji na sanduku la posta, hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika "chini ya mwembe." Mtoto akifika umri wa shule, gari hupata mizizi likitaka lisitake. Na mama aliyebaki bara huuliza, kila apigapo simu, mwanawe akifa atazikwa wapi. Wagiriama waliokuwa katika chama cha Gohu husimamishiwa kigango baada ya kufa, gogo lililochongwa, na kigango hicho hakihamishwi hata ukoo wote ukihama. Watu huondoka, nacho hubaki kikiangalia shamba. Wezi waliovichukua na kuviuza ng'ambo walileta huzuni ambayo baadhi ya makumbusho ya Marekani yamejaribu kuiondoa kwa kuvirudisha.

Hata hivyo wako waliofaulu kukaa mwaka na zaidi. Hao hawatangi ovyo. Wana mahali patatu au panne ambapo wanajulikana kwa majina, na hurudi hapo kwa zamu. Wakifika huleta sukari na majani ya chai. Msemo wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu wameusikia, nao hulishika: mmoja hutengeneza simu za kijiji, mwingine huwafundisha watoto hesabu jioni, mwingine huwasafirisha wagonjwa hospitali ya Kilifi au ya Malindi usiku, maana gari lenye kitanda, japo halikukusudiwa hivyo, ni ambulensi nzuri.

Mvua za mwaka zikaribiapo, mwezi wa Aprili, wengi hushuka toka njia za ndani za Ganze na Marafa, kwa kuwa tope la huko hulishika gari hata wiki. Huchukua lami, wakavuka daraja la Sabaki au la Kilifi, kila mmoja kwa upande wake. Asubuhi ile ya kuondoka, mwenye shamba huja kuagana, hupewa dumu tupu na mbao zilizobaki. Halafu hufagia majivu, na mbuzi hufungwa tena pale pale gari liliposimama.