Gramu Ngapi Leo?

Katika nyumba ya koko yangu mtaani Kadutu, mjini Bukavu, mimi si mjukuu wa kwanza. Wa kwanza ni ndege. Ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anaitwa Shofere, na aliingia katika nyumba hiyo mwaka 1983, miaka kumi na minane kabla sijazaliwa. Nilipoanza kutambaa, yeye tayari alijua kukohoa kama babu, kubweka kama mbwa wa jirani, na kumwita kila mtoto wa nyumbani kwa jina lake.

Niwaeleze wenzangu wa Tanzania na Kenya kwamba kwetu neno “bibi” lina maana ya mke. Ndiyo sababu mama yake baba tunamwita koko. Nilipoandika katika insha yangu ya kwanza chuoni kwamba bibi yangu ana miaka sabini, wanafunzi wenzangu walicheka mpaka mwalimu akalazimika kugonga meza.

Babu alikuwa dereva wa lori kati ya Bukavu na Kindu, enzi nchi yetu ikiitwa Zaire. Siku moja upande wa Maniema alikutana na vijana waliokuwa wakiuza makinda ya kasuku kando ya barabara. Akanunua moja, akalitia ndani ya boksi la maziwa ya kopo, akaliweka kwenye kiti cha abiria. Safari ilichukua siku nyingi kwa sababu ya matope. Alipofika nyumbani, kinda lilikuwa limezoea mlio wa injini kiasi kwamba lilianza kuuiga. Hivyo akapewa jina Shofere, yaani dereva. Wiki hiyohiyo koko alimzaa baba yangu mdogo, na hadi leo watu wa mtaani humwita baba mdogo “pacha wa kasuku”, jambo ambalo halimfurahishi.

Hatujui kama Shofere ni dume au jike, maana kwa kasuku wa kijivu huwezi kutofautisha kwa kutazama tu. Tunajua sauti zake. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya saa kumi na mbili jioni. Babu akirudi kazini alikuwa akisimama nje na kuita: “Mama Zawadi, niko ku mulango!” Babu alifariki mwaka 2009. Shofere hakuacha. Kila jioni, mwanga ulipoanza kupungua, aliita kwa sauti ileile, na mkwaruzo uleule wa mvutaji sigara, na koko akiwa jikoni alijibu, “Ingia basi.” Nilikua nikidhani kila nyumba ina kitu kama hicho.

Nikiri jambo moja. Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni, nilijaribu kumsahihisha. Tulikuwa tumefundishwa kiambishi cha mahali, nami nikarudi nyumbani nimejaa elimu. Nikasimama mbele ya tundu na kurudia mara hamsini: “Niko mlangoni. Mlangoni. Mlango-ni.” Shofere alinitazama kwa jicho moja, kisha akabweka kama mbwa wa jirani.

Mwezi wa nne mwaka 2022, wakati wa mvua, nilisikia kishindo ukumbini alfajiri. Nilimkuta Shofere chini ya tundu, mabawa yametandazwa, miguu inatetemeka, kichwa kimepinda nyuma. Hali ile ilidumu kama dakika moja, ikaacha, ikarudi. Jirani mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema ni uzee tu, aachwe afe kwa amani. Koko hakusema neno. Alivua kitenge alichojifunga mabegani, akamfunga ndege, akanipa.

Nilipanda pikipiki nikiwa nimekumbatia boksi, nikaenda kwa daktari wa mifugo. Wagonjwa wake ni mbuzi, nguruwe na ng'ombe wa vijiji vya jirani. Aliniambia wazi kwamba hajawahi kutibu kasuku. Namheshimu kwa neno hilo, kwa sababu angeweza kutupa dawa yoyote na kupokea pesa. Badala yake alimpigia simu mwenzake aliyesoma naye nchini Uganda. Swali la kwanza kutoka kule lilikuwa: “Anakula nini?”

Nilijibu kwa fahari. Alikula karanga na mbegu za alizeti, na asubuhi mkate uliochovywa ndani ya chai ya sukari, kama sisi sote. Alipenda vitu hivyo, nasi tulimpa kwa miaka karibu arobaini kwa sababu alivipenda.

Kumbe huo ndio ulikuwa ugonjwa. Karanga na alizeti zina mafuta mengi na kalsiamu kidogo sana. Kasuku wa kijivu wanajulikana kwa udhaifu huo: kalsiamu ikipungua katika damu, misuli hukakamaa na ndege huanguka kifafa. Tena mwili hauwezi kuitumia kalsiamu vizuri bila vitamini D, ambayo ndege huipata akiwa juani, na Shofere alikuwa ameishi miaka yote katika ukumbi wenye dirisha la kioo. Mwanga wa jua hupita kwenye kioo, lakini ile miali inayohitajika huzuiwa. Nilidhani nimeleta mgonjwa wa uzee. Daktari alinionyesha kwamba nimeleta mgonjwa wa mapenzi yetu wenyewe.

Alimchoma sindano ya kalsiamu katika msuli wa kifua. Baada ya nusu saa mtetemeko ulipungua. Kisha aliniandikia dawa ya maji, matone yanayohesabiwa kulingana na uzito, na hapo tukagundua kwamba hakuna aliyewahi kumpima. Kasuku mzima wa aina yake huwa na gramu mia nne hadi mia tano hivi. Shofere alikuwa na gramu 340.

Basi nikawa muuguzi. Jirani anayeoka keki za harusi aliniazima mizani yake ndogo ya kidijitali kila asubuhi, kwa sharti niifute kwa sabuni. Nilimweka Shofere ndani ya bakuli, nikimwuliza, “Gramu ngapi leo?” kisha nikisoma kwa sauti ili koko aandike kwenye kalenda ya ukutani: mia tatu na arobaini, mia tatu thelathini na nane, mia tatu arobaini na tano. Nilijifunza kuchemsha maganda ya mayai, kuyakausha na kuyasaga yawe unga. Nilijifunza kumpa boga, karoti, papai na lengalenga. Mwanzoni alivitupa vyote sakafuni. Mzee aliyekula mkate na chai miaka arobaini habadiliki kwa hotuba. Ilinibidi nikae mbele yake nikila karoti mbichi kwa vishindo na kujifanya sitaki kumgawia. Siku ya tisa alininyang'anya.

Chakula alichokikubali bila vita kilikuwa tunda la mchikichi. Nilileta ngazi mbivu kutoka sokoni Kadutu, naye akashika moja kwa mguu, akaimenya nyama nyekundu taratibu huku amefumba macho. Koko alisema, “Anakumbuka.” Sijui kama ndege aliyetolewa msituni akiwa kinda anaweza kukumbuka. Lakini huko Maniema hicho ndicho chakula cha ndugu zake.

Daktari aliuliza pia kama tuna parachichi. Tunao mti uani, na tundu lilikuwa likining'inizwa chini yake siku za usafi! Alinieleza kwamba parachichi ni sumu kwa kasuku, linaweza kuharibu moyo. Shofere alinusurika miaka yote hiyo kwa sababu ya ukaidi wake: hakukubali kulionja. Tulihamisha pia mbabula, yaani jiko letu la makala, kutoka penye kizingiti cha ukumbi hadi nyuma ya nyumba, kwa maana mapafu ya ndege hayavumilii moshi. Koko, aliyekohoa kila asubuhi kwa miaka mingi, naye alianza kukohoa kidogo.

Mengine yalikuwa ya uzee kweli, na hayana dawa. Jicho lake la kushoto lina mtoto wa jicho, hivyo tulijifunza kumwendea upande wa kulia ili asishtuke. Vidole vyake vimekakamaa. Kijiti cha zamani kilichonyooka kilimuumiza. Alihitaji matawi yenye unene tofauti, yaliyofungwa vitambaa, tena yawe karibu na sakafu ili akianguka asivunjike.

Matibabu yalimaliza pesa nilizokuwa nimetunza kwa kuchapisha kazi yangu ya mwisho wa mwaka. Baba mdogo alipojua, alikasirika. Minervali ya mtoto wake, yaani karo, ilikuwa haijalipwa, na mtu fulani alikuwa tayari kutoa dola mia moja kwa kasuku anayesema, hata mgonjwa. Sikuwa na jibu. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo ni binamu yangu, na alikuwa amekaa pale pale akitusikiliza. Nilijua tu kwamba kasuku wa aina hii wanazidi kuisha misituni kwa sababu ya biashara hiyohiyo. Mwaka 2016, katika mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg, mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya wale wanaotoka msituni. Lakini hoja ya Johannesburg haina nguvu mbele ya mtoto aliyeshika daftari mkononi.

Koko alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia mwanawe, “Nenda umuulize yeye kama anataka kwenda.” Baba mdogo alicheka kwa hasira, lakini alikwenda. Shofere alipomsikia upande wa kulia, aliinamisha kichwa, akasimamisha manyoya ya shingo, kama afanyavyo akitaka kukunwa. Baba mdogo alisimama kidogo. Kisha akaingiza kidole, akamkuna kisogoni, pale pale, kama mtu aliyefanya hivyo tangu utotoni. Na kweli alifanya hivyo tangu utotoni. Kesho yake alikuja na matawi matatu ya mpera. Minervali ililipwa mwezi wa sita, kwa deni. Kazi yangu niliikabidhi ikiwa imechelewa wiki moja.

Jambo moja halikurudi. Tangu siku ya kuanguka, Shofere alinyamaza. Saa kumi na mbili jioni ilifika na kupita. Koko aliacha mboga motoni, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akangoja, kisha akaenda kuwasha taa. Hatukulizungumzia. Mimi nilianza kushika simu kila jioni tayari kurekodi, nikijilaumu kwamba katika miaka yote ile hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuihifadhi sauti ya babu. Tulikuwa tumemwachia ndege kazi hiyo, tena tukimlisha vibaya.

Baada ya miezi miwili hivi, umeme ulikuwa umekatika na simu yangu haina moto. Giza lilikuwa linaingia. Kutoka tunduni ikasikika sauti, ya chini, yenye kukwama: “Gramu ngapi leo?”

Haikuwa sauti ya babu. Ilikuwa yangu. Hata ule uchovu wangu wa asubuhi ulikuwamo. Akarudia, akaongeza, “Mia tatu, mia tatu, mia tatu.”

Nilimtazama koko nikiogopa. Nilijua alikuwa akingoja nini. Alinyamaza kwa muda. Kisha akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge, akajibu kama alivyojibu siku zote: “Ingia basi.”

Leo Shofere ana gramu 425. Bado huanguka mara mojamoja, na daktari ametuonya kwamba kila msimu wa mvua ni mtihani. Sauti ya babu haijarudi. Huenda itarudi, huenda haitarudi. Koko bado hukaa karibu na mlango saa ile, lakini siku hizi huja na karoti.

Wenzangu, sisi tunasoma lugha katika vitabu, na ni vyema. Lakini lugha nyingine iko kwa wazee wetu, na wengine wao hatujakaa nao hata jioni moja kwa simu yenye moto. Tusingoje waanguke. Nami tangu siku ile nimeacha kumfundisha Shofere viambishi vya mahali. Kama siku moja ataita tena “niko ku mulango”, sitahesabu kosa hata moja.