Chakula cha Mtu Mwenye Miiko

Mtu mwenye miiko ya chakula husemwa kuwa ni mgumu kuishi naye. Mkaribishe kwako, atauliza nyama imechinjwa na nani, sufuria imepikiwa nini jana, mafuta haya ni ya mnyama gani. Wapo wanaodai kwamba watu wa dini mbalimbali wakitaka kuelewana, kila mmoja apunguze masharti yake kidogo. Maneno hayo hayakuwahi kuniingia, na siku niliyokula kwa Wayahudi wa Kiajemi mjini Los Angeles nilipata hoja ya kuyajibu.

Mtaa wenyewe ni Pico-Robertson, magharibi mwa jiji, barabara hizo mbili zinapokutana. Masinagogi, bucha, maduka ya mikate na mikahawa ya kosher, yaani inayofuata sheria za chakula za Kiyahudi, vimefuatana mlango kwa mlango. Waliotoka Iran ni wengi hapo na katika mji jirani wa Beverly Hills, ambao mwaka 2007 ulipata meya Myahudi mzaliwa wa Shiraz, Jimmy Delshad. (Ndiyo, Shiraz hiyohiyo ambayo koo nyingi za pwani yetu hudai ndiko asili yao.) Kabla ya mapinduzi ya 1979, Wayahudi wa Iran walikadiriwa kuwa kati ya 80,000 na 100,000, na jamii yao ilikuwa imekaa nchi ile zaidi ya miaka 2,500. Mei mwaka huo kiongozi wao, mfanyabiashara Habib Elghanian, alihukumiwa na kupigwa risasi. Wengi wakafunga virago. Nyumba, maduka na makaburi ya wazee vikabaki. Mapishi wakaondoka nayo.

Aliyenipeleka ni binti wa kaka yangu, anayeishi huko na wanawe. "Shangazi, hapa wewe kula tu," akaniambia mlangoni. "Nguruwe hawamjui hawa." Mgahawa ulikuwa wa kisasa hasa: kuta za saruji tupu, balbu zinaning'inia, orodha ya vyakula unaisoma kwenye simu yako. Vijana wa jikoni walikuwa wakiitana kwa Kihispania, wahudumu wakazungumza Kiingereza, na mama aliyekaa kwenye kaunta akagomba kwa Kiajemi.

Kwanza wakatuletea ukoko. Kwetu ukoko ni mali ya watoto wanaogombea sufuria baada ya wakubwa kula, na aliyepika huona haya kidogo kwamba moto ulimzidi. Waajemi huutengeneza kwa makusudi, wakauita tahdig. Mchele huchemshwa usiive kabisa, ukachujwa, ukarudishwa sufuriani juu ya mafuta na zafarani, pengine juu ya slesi za viazi. Mfuniko huvishwa kitambaa ili kinyonye mvuke, kisha moto mdogo huachwa ufanye kazi yake. Ikipinduliwa sufuria, kipande cha ukoko kilicho kizuri kuliko vyote hupewa mgeni. Nilipokivunja changu, meza ya jirani waligeuka kutazama.

Ukafuata ghormeh sabzi, mchuzi wa kijani kibichi wenye majani ya kotmiri na uwatu, maharage na nyama ya ng'ombe. Ndani yake huogelea ndimu kavu nyeusi, ambazo Wairani huziita ndimu za Oman, kwa sababu zilikuwa zikiwafikia kwa biashara ya Ghuba. Mkazi wa Unguja aliyekulia kwenye nyumba ya Waomani angezitambua kwa harufu kabla sahani haijatua. Mpishi, kwa kutaka usasa, alikuwa ameumwaga mchuzi huo juu ya chipsi. Chipsi zililowa. Si kila jambo jipya lina haja ya kufanywa. Kwa upande mwingine gondi, madonge ya unga wa dengu na kuku wa kusaga yenye iliki, waliyaacha kama Wayahudi wa Iran wanavyoyala usiku wa Ijumaa, na nikaomba sahani ya pili.

Kisicholetwa mezani ni mtindi. Muirani bila mtindi pembeni ya kebabu huona chakula kina pengo, lakini Taurati inakataza, mara tatu, kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na Wayahudi wametoa hapo sheria kubwa ya kutochanganya nyama na maziwa kabisa. Mgahawa wa nyama hauna hata siagi. Walichoweka badala yake ni mtindi wa nazi! Nilicheka, kwa sababu sikutarajia tui linifuate mpaka California. Samaki naye lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo pweza, kaa na kamba wa kwetu hawana nafasi. Jikoni huwamo msimamizi, mashgiach, anayekagua nyama imetoka wapi na kuyapekua majani yote yale asije akapita mdudu.

Hapo ndipo nilipokaa nikawaza. Katika migahawa ya kifahari ya jiji lile hula nikiwa na wasiwasi, kwa sababu mpishi hana anayemwogopa ila mteja. Pale Pico mpishi ana Mungu wa kumjibu, na mambo mengi anayojikataza mimi pia nimekatazwa. Kurani inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu masharti, na divai ilikuwapo, sikuigusa. Lakini imani niliyokuwa nayo kwa sahani ile ilitoka kwenye ugumu wao, haikutoka kwenye ulegevu.

Miiko inaweza pia kuua, sitaki kujifanya sijui. Tanzania, kwa miaka mingi, imezoeleka Mwislamu ndiye achinje kwenye shughuli ili kila mtu ale, na watu waliridhika. Mwaka 2013, mkoani Geita, swali la nani achinje likageuka ugomvi, na mtu akapoteza maisha. Tofauti naiona wazi: Myahudi wa Pico ametundika cheti chake cha kosher ukutani, akajifunga mwenyewe, wala hakunitaka mimi nijifunge kwa sheria yake. Mwiko ninaojiwekea ni adabu. Mwiko ninaomwekea jirani ni ubabe, hata niupambe kwa aya ngapi.

Ukifika Los Angeles, nenda ukale, na chipsi ziache. Ila usiende Ijumaa jioni: kabla jua halijazama huwa wameshafunga, na hawafungui mpaka Jumamosi usiku, hata uje na pesa za kununua mtaa mzima.