Betri Kuukuu na Safari ya Sumbawanga

Katika vitu vyote vya gari, sijui kimoja kinachomtia mwenyewe wasiwasi kama betri iliyozeeka. Tairi likichakaa unaliona kwa macho. Breki zikilegea, mguu unakwambia. Lakini betri hukaa kimya chini ya boneti, leo ikawasha injini vizuri, kesho ikasitasita, keshokutwa ikatoa mlio mmoja mkavu, basi. Kati ya siku ile ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miezi mingi, na katika miezi hiyo mtu hujiambia kila asubuhi, "Bado inafaa." Mara nyingi husema kweli. Swali huwa gumu pale tu safari inapokuwa si ya kuchagua.

Swali hilo mimi lilinifikia Julai 1998. Nilikuwa nikiishi Kawajense, katika mji wa Mpanda, ambao siku hizo ulikuwa makao ya wilaya mojawapo ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuanzishwa baadaye, mwaka 2012. Kazi yangu ilikuwa kununua asali na nta kwa warina asali wa Inyonga na vijiji vya njiani. Kazi hiyo ilinilaza porini siku nyingi, kwa hiyo nyuma ya Land Rover yangu, 109 ya dizeli, nilitengeneza kitanda cha mbao za mninga, nikaweka godoro na chandarua. Fundi akanifungia betri ya pili kando ya ile ya kwanza, ili niweze kuwasha taa na kusikiliza redio usiku bila kuhofia asubuhi. Majirani waliliita gari hilo "gesti".

Betri zote mbili zilikuwa na miaka minne. Kwa joto letu huo ni uzee. Ndani ya betri mna vyumba sita, kila kimoja cha volti mbili, na katika kila chumba bamba za risasi zimezama katika maji ya asidi. Joto likizidi, bamba huliwa upesi na maji hukauka. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya betri kama kwa nusu. Betri ikiachwa bila chaji ya kutosha, chumvi nyeupe hugandamana juu ya bamba na nguvu hairudi tena. Gari linalolala porini na taa zikiwaka hupata madhara yote mawili.

Sasa niseme habari yenyewe. Mke wa kaka yangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Kaka alikuwa kazini Dar es Salaam, naye alikuwa amemwacha mkewe mikononi mwa mama yetu, yaani mikononi mwetu sote. Jumatano moja, saa nane mchana, shemeji alianza kutoka damu bila maumivu yoyote. Damu ikakoma yenyewe. Mganga aliyempima alitueleza bila kuzunguka kwamba kondo la nyuma lilikuwa limetangulia, limeziba njia ya mtoto, na kwamba akiachwa mpaka apate uchungu tutawapoteza wote wawili. Alihitaji kupasuliwa, na damu ya kuongezewa iwe tayari. Wiki ile upasuaji huo haukuwezekana mjini kwetu. Treni ya kwenda Kaliua haikuwa ya kila siku, na siku yake haikuwa kesho. Ilibaki Sumbawanga, karibu kilomita 240 za barabara ya udongo, na gari pekee lenye mahali pa mgonjwa kulala lilikuwa gesti langu.

Tukakubaliana kuondoka alfajiri. Saa kumi jioni nilikuwa kwa fundi.

Fundi alinishauri kama fundi yeyote mwema angeshauri: badilisha zote mbili. Lakini dukani alikuwa na mpya moja tu, iliyokuja kavu kama zilivyokuja betri nyingi wakati ule, ambayo hutiwa asidi siku ya kuuzwa. Bei yake ilikuwa karibu nusu ya fedha tulizokuwa nazo, na fedha zile si zangu. Kaka alikuwa amezituma kwa ajili ya uzazi. Zilitakiwa zilipe dawa, chakula cha mgonjwa na cha mwangalizi, na pengine mwezi mzima wa kukaa mji wa ugenini. Nikisema nanunua, nilikuwa nachukua kitu kutoka kwenye mto wa mgonjwa na kukiweka chini ya boneti.

Tena kununua moja kulikuwa na kasoro yake. Betri mpya ikifungwa sambamba na kuukuu, kuukuu huinyonya mpya usiku kucha. Asubuhi unakuta zote mbili zimechoka. Na ile ya dukani, nani ajuaye ilikaa rafuni miaka mingapi? Bamba kavu nazo hupata unyevu, zikapoteza chaji zake kabla hazijaona asidi. Ya zamani walau nilizijua tabia zake.

Nikarudi nyumbani kuzungumza na wenyewe. Nilimkuta shemeji amelala kwa ubavu, Mama akimpepea. Nikaeleza yote, mpaka habari za vyumba na asidi, maana mtu akiwa na hofu huongea sana. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Shemeji, mimi ya betri siyajui. Nauliza kimoja tu. Tukikwama, tutakwama wapi?"

Tangu mchana nilikuwa nikijiuliza kama betri zitafika. Yeye aliuliza jingine, na la kwake lilikuwa na jibu. Injini ya dizeli ya namna ile haina plagi za cheche. Mafuta husukumwa na pampu ya kimakanika na kuungua kwa joto la mgandamizo peke yake. Ikishawaka haiombi umeme wa betri hata kidogo, na huzimwa kwa kuvuta waya kwa mkono. Betri ni ya dakika ile moja ya kuamsha. Lakini dakika hiyo haina mbadala: Land Rover ya petroli ungeweza kuizungusha kwa hendeli, ila ya dizeli, ambayo mgandamizo wake ni 23 kwa 1, humrusha mtu. Kwa hiyo Kawajense betri ikigoma, majirani wapo na mteremko upo. Sumbawanga ikigoma, tumeshafika. Pabaya palikuwa pamoja tu, nako ni kule kati ya Sitalike na Kibaoni, ndani ya Hifadhi ya Katavi, mahali ambapo hakuna wa kusukuma na hupaswi kushuka. Basi injini isizimwe.

Bado nilitaka niwe na hakika ya kuamsha mara moja. Nikarudi kwa fundi na tochi, nikaazima kipima asidi chake, kile kioo chenye mpira wa kuvutia maji. Betri iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280, iliyokwisha huwa karibu na 1.120. Tukapima chumba kimoja kimoja. Betri ya kwanza ilisoma 1.230 na kitu katika vyumba vyote sita, uzee wa kulingana. Ya pili ilikuwa nzuri katika vitano, na katika chumba cha sita kielea hakikuinuka kabisa. Kile kilikuwa kimekufa, na kwa kufa kwake kilikuwa kikiivuta betri nzima chini, nayo ikimvuta mwenzake. Kumbe betri ya kwanza ilikuwa ikibeba maiti.

Fundi akanitazama. "Sasa?"

"Tuifungue," nikasema. "Niondoke na moja."

Hakupenda. Alisema hajawahi kuona mtu anajiandaa kwa safari ya mbali kwa kupunguza vifaa. Lakini alifungua nyaya, akazisugua kwa msasa, akaiweka ile iliyobaki kwenye chaji kwa jenereta lake mpaka saa sita usiku, na akadai fedha za mafuta peke yake. Fedha za kaka zilibaki zimefungwa katika khanga ya Mama.

Tulikuwa watu watano: mimi, shemeji, Mama, na vijana wawili wa jirani waliojitolea kwa kazi mbili, kusukuma gari na kutoa damu. Saa kumi na moja alfajiri nilipasha injini, nikageuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa uvivu, mara moja, mara mbili, injini ikakohoa, ikashika. Toka hapo mkono wangu haukugusa tena waya wa kuzimia.

Hadi Sitalike ni kilomita 35 hivi. Tulifika jua likichomoza, na viboko wa mto Katuma walikuwa wamesongamana majini kama mawe. Nilikwenda polepole sana, kwa sababu kila shimo lilikuwa shimo tumboni mwa shemeji. Ndani ya hifadhi ndorobo walitufungisha vioo, vumbi na joto vikabaki nasi. Kisha, mbele yetu, tembo: majike na watoto, wametawanyika barabarani bila haraka. Desturi ni kuzima gari na kungoja. Nilirudi nyuma mita hamsini, nikaacha injini ikinguruma chini chini. Jike moja liligeuka, likatandaza masikio, likatusikiliza. Mama alikuwa akisali kwa sauti isiyotoka. Nyuma nikasikia shemeji anauliza kama tumekwama. Nikajibu, "Hatujakwama, tumesimama." Zilipita dakika ishirini, labda zaidi, kabla hawajaingia msituni.

Yaliyobaki ni barabara: Kibaoni, mlima wa Kizi, kisha nyanda za juu za Ufipa na upepo wake. Karibu na Chala nilitia dizeli kutoka kwenye dumu huku injini ikiendelea. Kiasi cha saa kumi jioni nilisimama mlangoni pa hospitali, nikavuta ule waya, na kimya kikatuingia masikioni kama maji.

Alipasuliwa usiku uleule. Damu ya kijana mmoja ilipatana na yake. Ya mwingine haikupatana, akanuna siku nzima. Mtoto alikuwa wa kike, kilo mbili na kidogo. Asubuhi, kwa baridi ile ya Julai ambayo huipunguzia betri nguvu kuliko ya kwetu, niligeuza ufunguo na Land Rover haikujibu hata kwa mlio. Nilicheka peke yangu. Nikaiacha palepale siku tisa, mpaka nilipopata fedha za nta niliyokuwa nikidai, nikanunua betri mpya kwa nafasi, bila kuchukua cha mtu.

Siku hizi sehemu kubwa ya njia hiyo ni lami. Kuna pia mpango wa m-mama, uliotangazwa mwaka 2022 kuenezwa nchi nzima: mtu hupiga 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa na mpango. Nafurahi sana juu ya hilo. Lakini nikiwaza dereva yule anayeamshwa saa nane za usiku, huwaza pia betri yake, na kama ameipima chumba kwa chumba au anasema tu bado inafaa.

Ile betri iliyokuwa na chumba kilichokufa niliikuta kwa fundi niliporudi. Alikuwa ameipasua na kuyeyusha bamba zake nyuma ya karakana, jambo ambalo leo ningemkataza, maana moshi na vumbi la risasi huingia damuni na kuharibu ubongo wa watoto, na watoto walikuwa wamejaa pale wakitazama. Risasi ile ina historia kwetu. Ni kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba kwamba reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda mwaka 1950, kilomita 210 za pori, na mji wenyewe ukakua mwishoni mwa reli hiyo. Mgodi ulikwisha kufungwa zamani. Fundi alikuwa amemimina risasi ya betri yangu katika vitundu vya mchanga, ikawa chubwi za nyavu, na mvuvi kutoka Karema alikuwa amekaa juu ya tairi bovu akizihesabu.